Mahame, Ganjo na Gofu: Historia ya Kisiwa cha Tol Sirion na Changamoto ya Kufasiri Magofu ya Kifantasia kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Tol Sirion, kisiwa cha mtoni katika ulimwengu wa kubuni wa J. R. R. Tolkien. Kisiwa hicho kilijengwa ngome na watu wa jamii ya Eldar, kikatekwa na kufanywa makao ya pepo, kisha ngome yake ikabomolewa na kubaki gofu lenye kaburi. Hoja kuu ni kwamba historia ya mahali hapa inaeleweka tu iwapo wajenzi wake watachukuliwa kuwa watu wenye ukoo, lugha na tarehe, na kwamba uteuzi wa msamiati wa Kiswahili unaweza kuilinda historia hiyo au kuifuta. Makala yanaonyesha kuwa maneno ya Kiswahili mahame, ganjo na gofu, pamoja na mzimu, pepo na mzuka, yana tofauti za kimaana zinazotosha kuibeba habari hii kwa usahihi. Aidha, yanaonyesha jinsi suala hili linavyohusiana na namna tunavyoyazungumzia magofu ya mwambao wa Afrika Mashariki, na yanatoa mapendekezo kwa wasanifishaji wa istilahi na waandaaji wa vitabu vya fasihi.

1.0 Utangulizi

Fasihi ya kifantasia imepata wasomaji wengi miongoni mwa vijana wa kanda yetu, hasa kupitia filamu, michezo ya kompyuta na vitabu vya Kiingereza na Kifaransa. Kadiri Kiswahili kinavyopewa majukumu mapya, likiwemo lile la kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndivyo mahitaji ya kufasiri maandishi ya aina hii yatakavyoongezeka. Hata hivyo, mijadala ya istilahi katika makongamano yetu imeelemea zaidi sheria, tiba na teknolojia. Msamiati wa viumbe na mahali pa kubuni umeachiwa kila mfasiri aamue kwa namna anavyoona.

Uhuru huo una gharama. Mojawapo ya mandhari zinazojirudia sana katika fantasia ni gofu la kale la jamii ambayo Waingereza huiita elves, gofu ambalo sasa linasemekana kukaliwa na viumbe wa kutisha. Mfasiri anapolikuta, hutakiwa kujibu maswali matatu kabla ya kuandika sentensi moja: waliojenga ni nani? Kilichomo ndani ni nini? Na mahali penyewe ni pa aina gani? Majibu yake ndiyo yatakayomwonyesha msomaji kama anasoma historia au hekaya ya kutishia watoto.

Makala haya yanalichukua gofu moja na kulifuatilia tangu kujengwa hadi kuzama kwake. Tol Sirion imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake zimepangwa kwa mfuatano wa miaka, jambo linaloruhusu uchambuzi wa kihistoria. Pili, mwandishi wake alikuwa mtaalamu wa lugha, na alizibuni lugha za wahusika wake kwa sarufi na etimolojia zake. Majina ya mahali katika kazi zake ni data, si mapambo.

2.0 Historia ya Tol Sirion

2.1 Chimbuko la matini

Kabla ya kuzungumzia historia ya ndani ya kisiwa, ni vyema kutaja historia ya matini yenyewe. Tolkien (1892–1973) aliandika kisa cha kwanza cha Beren na Tinúviel karibu mwaka 1917. Katika toleo hilo, lililochapishwa mwaka 1984 katika juzuu ya pili ya The Book of Lost Tales, ngome ya adui ilikuwa ya Tevildo, mkuu wa paka. Mfalme Finrod hakuwemo kabisa katika kisa. Baadaye, katika utenzi mrefu ulioanzwa mwaka 1925 na kuachwa bila kukamilika mwaka 1931, nafasi ya paka ilichukuliwa na mchawi aitwaye Thû, ambaye hatimaye alipewa jina la Sauron. Matini inayofahamika zaidi leo ni ile ya The Silmarillion, iliyohaririwa na Christopher Tolkien na kuchapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo cha baba yake.

Mabadiliko haya yana maana kwa mada yetu. Ngome ya Tevildo ilikuwa ngome ya kutisha tu, isiyo na mwenyewe aliyeitangulia. Katika matini ya 1977, ngome hiyohiyo ina mjenzi, sababu ya kujengwa, siku ya kutekwa na mrithi aliyedhulumiwa. Kitisho kimepewa historia.

2.2 Kisiwa cha walinzi

Tol Sirion ni kisiwa katikati ya mto Sirion, mahali mto huo unapopita kwenye bonde jembamba kati ya milima. Bonde hilo lilikuwa njia ya kutoka kaskazini, alikokaa Morgoth, kuelekea nchi za kusini na magharibi. Finrod, mwana wa Finarfin, mmoja wa wakuu wa Noldor waliovuka kutoka Magharibi, alijenga mnara kisiwani humo na kuuita Minas Tirith. Jina hilo lisichanganywe na lile la mji wa Gondor unaojulikana na wasomaji wa The Lord of the Rings. Mji huo ulipewa jina hilo enzi nyingi baadaye. Finrod alipojenga makao yake makuu huko Nargothrond, aliukabidhi mnara huo kwa Orodreth, mtu wa nasaba yake.

Kwa hiyo Minas Tirith ya kwanza haikuwa hekalu wala mahali pa siri. Ilikuwa kituo cha ulinzi wa mpaka, chenye kamanda, askari na jukumu linaloeleweka.

2.3 Kutekwa na kugeuzwa

Mwaka 455 wa Enzi ya Kwanza vilizuka vita viitwavyo Dagor Bragollach, ambamo mstari wa ulinzi wa kaskazini ulivunjwa kwa moto. Mnara wa Tol Sirion uliendelea kulishika bonde kwa takriban miaka miwili. Mwaka 457 Sauron alikuja mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni namna alivyoshinda: matini inasimulia kuwa wingu la hofu liliwaangukia walinzi. Orodreth alifukuzwa, akakimbilia Nargothrond.

Tangu hapo kisiwa kilipewa jina jipya, Tol-in-Gaurhoth. Sauron alikigeuza kuwa kituo cha uangalizi cha Morgoth, na hakuna kiumbe aliyeweza kupita bondeni bila kuonekana. Inafaa kutambua kejeli ya kihistoria iliyomo hapa: kazi ya mnara haikubadilika. Ulijengwa kwa ajili ya kuangalia, na uliendelea kuangalia. Kilichobadilika ni nani anayeangalia na anamwangalia nani.

Wakazi wapya wa kisiwa walikuwa mbwa mwitu wa namna ya pekee. Hawakuwa binadamu wanaojigeuza wanyama, kama zinavyosimulia ngano nyingi za Ulaya. Walikuwa wanyama ambao ndani ya miili yao Sauron alikuwa amefungia roho za kutisha. Hili ni jambo la msingi, nasi tutalirejea katika sehemu ya tano.

2.4 Kubomolewa na kutakaswa

Mwaka 465 Finrod alirudi kwenye mnara alioujenga mwenyewe, akiwa katika safari ya kutimiza kiapo chake kwa ukoo wa Beren. Yeye, Beren na wenzao kumi walikamatwa. Finrod alishindana na Sauron kwa nyimbo za nguvu, akashindwa. Walitiwa shimoni, na wenzao wakaliwa mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu ya Beren, Finrod alikata minyororo yake, akapigana na yule mbwa mwitu kwa mikono na meno, akamuua na kufa kwa majeraha. Alifia katika misingi ya jengo lake mwenyewe.

Baadaye Lúthien alifika pamoja na mbwa mkuu Huan. Sauron alishindwa, akalazimika kuusalimisha mnara kabla ya kukimbia. Lúthien alisimama darajani na kutangaza mamlaka yake. Uchawi ulioshikanisha jiwe na jiwe ukafunguka, milango ikaanguka, kuta zikapasuka na mashimo yakawa wazi. Mateka wakatoka. Finrod akazikwa juu ya kilima cha kisiwa, na kisiwa kikawa safi tena. Kaburi lake lilibaki bila kuguswa hadi nchi yote ilipovunjika na kuzama chini ya bahari mwishoni mwa Enzi ya Kwanza.

Mfuatano huu unatupa tokeo ambalo pengine halikutarajiwa. Tol Sirion ilikuwa na pepo wakati mnara wake umesimama. Ulipokuwa gofu, pepo hawakuwemo tena. Kwa maneno mengine, hakuna wakati wowote katika historia ya kisiwa hiki ambapo usemi wa gofu lenye pepo ungekuwa sahihi. Kubomoka kwa kuta ndiko kulikokuwa utakaso wenyewe.

3.0 Majina kama kumbukumbu

Historia hiyo yote inaweza kusomwa katika majina matatu ya lugha ya Kisindarini. Tol ni kisiwa, na Sirion ni jina la mto. Hivyo jina la kwanza linaeleza jiografia pekee. Minas ni mnara au ngome, na tirith ni ulinzi au uangalizi. Jina la pili linaeleza kazi. Katika jina la tatu, gaur ni mbwa mwitu mwenye roho ya uovu, na kiambishi -hoth hutaja kundi, aghalabu kundi la maadui, kama jeshi au genge. Jina la tatu linaeleza wavamizi.

Mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba jina la wavamizi liko katika lugha ya waliovamiwa. Tol-in-Gaurhoth ni jina la Kisindarini, yaani jina walilolitoa wale waliofukuzwa. Ni tamko la kisiasa la watu waliopoteza mahali pao, nao wanataja kwa lugha yao ni nani aliyepachukua. La pili ni kwamba neno Tol halikubadilika. Kisiwa ni kilekile. Uovu ulikijia, haukuzaliwa nacho.

Mfasiri anayeamua kutumia jina moja tu, kwa mfano Kisiwa cha Mashetani, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kwa ajili ya kurahisisha usomaji, atakuwa amefuta ushahidi wote huo. Msomaji hataona tena kwamba palikuwa na jina kabla ya hilo.

4.0 Ulinganisho na magofu mengine mawili

Ili kuonyesha kwamba Tol Sirion si kisa cha peke yake, tuangalie sehemu nyingine mbili katika ulimwengu huohuo.

Ya kwanza ni kilima cha Amon Lanc, maana yake kilima kitupu, kilichopo kusini mwa msitu mkubwa. Kwa mujibu wa Unfinished Tales, iliyochapishwa mwaka 1980, hapo palikuwa makao ya Oropher, mfalme wa watu wa msituni, katika Enzi ya Pili. Oropher na watu wake walihamia kaskazini. Katika Enzi ya Tatu kivuli kiliingia kilimani, na kufikia mwaka 1100 ilitambuliwa kuwa nguvu ya uovu imejenga ngome hapo. Kilima kikaitwa Dol Guldur, kilima cha uchawi. Mwaka 3019 Galadriel alizibomoa kuta zake na kuyaacha mashimo wazi. Mfanano na tendo la Lúthien ni dhahiri: mahali panapotolewa uovu hubomolewa, na kilichofichwa hufunuliwa.

Ya pili ni Eregion, nchi ya mafundi wa vito iliyoanzishwa karibu mwaka 750 wa Enzi ya Pili, yenye mji wa Ost-in-Edhil. Hapo ndipo zilipofuliwa pete za nguvu. Sauron aliiteketeza mwaka 1697. Msafara wa Frodo unapopita nchi hiyo Januari ya mwaka 3019 wa Enzi ya Tatu, zaidi ya miaka 4,700 baadaye, hawakuti mzuka wowote. Legolas anaeleza kwamba miti na majani hayawakumbuki tena wenyeji wale, bali mawe ndiyo yanayowaomboleza. Gofu ambalo adui hakulifanya makao halina pepo. Lina kumbukumbu tu.

Kwa ujumla, katika ulimwengu wa Tolkien kukaliwa na pepo si sifa ya asili ya magofu ya jamii hii. Ni tukio la kihistoria lenye mtenda na mwaka.

5.0 Maswali matatu ya mfasiri

5.1 Waliojenga ni nani?

Maneno yanayojitokeza kwanza kwa mfasiri wa Kiswahili ni kichimbakazi, kibwengo na jini. Kila moja lina kasoro. Kichimbakazi ni kiumbe cha hadithi za kuburudisha, asiye na ufalme wala vita. Kibwengo huhusishwa na pepo wa baharini. Jini lina nafasi yake katika imani ya Kiislamu, ambamo ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto, na kulitumia hapa ni kuingiza teolojia isiyohusika. Zaidi ya hayo, ikiwa wajenzi wa Tol Sirion ni majini, basi kisiwa kilikuwa na majini tangu siku ya kwanza, na kuja kwa Sauron hakubadilishi kitu. Hadithi nzima inaporomoka.

Njia ya pili ni kulitohoa neno la Kiingereza. Utohozi wa kawaida ungetupa elfu, umbo ambalo tayari ni namba. Upatanisho wa kisarufi ungesaidia kwa kiasi, kwa kuwa elfu wawili ni tofauti na elfu mbili. Lakini katika kitabu kinachohesabu majeshi, msomaji angekutana na elfu kumi wa elfu, na gofu la elfu lingeonekana kuwa gofu la thamani ya fedha.

Tolkien mwenyewe aliandaa mwongozo wa majina kwa ajili ya wafasiri, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Msimamo wake ni kwamba majina ya lugha ya kawaida yafasiriwe kwa maana, na yale ya lugha za Eldar yaachwe yalivyo. Kuhusu neno lenyewe la jamii hii, alitahadharisha dhidi ya maneno yanayoleta taswira ya viumbe vidogo vya kuchezacheza. Margaret Carroux, aliyefasiri The Lord of the Rings kwa Kijerumani mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia Elben badala ya Elfen ili kuiepuka taswira hiyo. Wajerumani waliona inafaa kutumia umbo lisilozoeleka ili kulinda hadhi ya watu hawa.

Kiswahili kina nyenzo ambayo Kijerumani hakina, nayo ni ngeli. Makala haya yanapendekeza umbo Mwelda, wingi Waelda, kutokana na Elda na Eldar, majina ambayo Tolkien alizipa jamii hizi katika lugha yao. Umbo hili linafuata kanuni tunayoijua katika Mwarabu na Waarabu, Mwingereza na Waingereza. Kwa silabi moja, msomaji anaarifiwa kwamba hawa ni watu, wana nchi na lugha, na lugha hiyo inaweza kuitwa Kielda bila maelezo zaidi. Yaliyo nje ya kundi la Eldar yatahitaji jina pana zaidi, na hapo umbo Wakwendi, kutokana na Quendi, linafaa kufikiriwa kwa kanuni hiyohiyo.

5.2 Kilichomo ndani ni nini?

Kiswahili hutofautisha angalau dhana tatu. Mzimu ni roho ya aliyekufa, hasa mhenga, na pia ni mahali pa kutambikia. Ndiyo maana lipo jina la mahali kama Mzimuni jijini Dar es Salaam. Pepo ni roho inayoingia ndani ya mwili wa mwingine. Mzuka ni kile kinachozuka na kuonekana ghafla, bila kudai asili yake.

Kwa wasomaji wa nchi jirani tofauti hii si ngeni. Waganda wana emizimu na Wanyarwanda wana abazimu, mashina ya neno moja na la kwetu. Inavutia kwamba Kinyarwanda kimeiweka dhana hii katika ngeli ya watu, ilhali Kiswahili na Kiganda zimeiweka katika ngeli ya miti. Katika lugha zote hizo, hata hivyo, mzimu una uhusiano na walio hai na pale walipo. Ni wa nyumbani.

Wakazi wa Tol-in-Gaurhoth si wa nyumbani. Ni roho zilizofungiwa ndani ya miili ya wanyama na mtawala aliyetoka nje. Kwa hiyo neno sahihi ni pepo, na jina la kisiwa laweza kufafanuliwa kuwa Kisiwa cha Mbwa Mwitu Pepo. Kuandika kuwa kisiwa kina mizimu ni kudai kwamba waliozagaa humo ni wafu wa Orodreth na askari wake. Yaani kumpa aliyedhulumiwa lawama ya aliyemdhulumu. Iwapo neno mzimu lina mahali pake katika kisa hiki, basi ni baada ya ukombozi, kwenye kaburi la Finrod, ambapo mjenzi amelala katika ardhi yake na mahali pakaheshimiwa. Hata hapo tahadhari yahitajika, kwa sababu matini inaeleza kuwa Finrod alirudishiwa uhai ng'ambo ya bahari.

Ikumbukwe kwamba Tolkien hakukana kabisa uwezekano wa roho za Waelda kubaki duniani. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1993 katika Morgoth's Ring, anaeleza kwamba roho ya Mwelda aliyekufa huitwa Magharibi, lakini zipo zinazokataa wito huo na kuzurura kwenye miti, chemchemi na mahali pa siri walipopajua. Hizo ndizo zinazoweza kuitwa mizimu kwa ukaribu zaidi. Hazikuwa ndizo zilizokikalia kisiwa cha Sauron.

5.3 Mahali penyewe ni pa aina gani?

Kiingereza hutumia neno moja kwa karibu magofu yote. Kiswahili kina matatu. Mahame, kutokana na kitenzi hama, ni mahali palipoachwa na wakazi wake. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji au makazi yaliyoangamia. Gofu ni jengo lililobaki kuta bila uhai ndani yake.

Tukirejea kwenye visa vyetu vitatu, maneno haya yanajipanga yenyewe. Amon Lanc, alikotoka Oropher na watu wake kwa hiari, ni mahame. Ost-in-Edhil, mji ulioteketezwa, ni ganjo. Mnara wa Tol Sirion baada ya Lúthien ni gofu. Mfasiri anayeyatumia kwa makini atampa msomaji wa Kiswahili taarifa ambayo hata msomaji wa Kiingereza haipati katika neno moja: atajua kama wenyeji walihama, waliangamizwa, au jengo lao lilibomolewa.

6.0 Umuhimu wa suala hili nje ya fantasia

Huenda ikaulizwa kwa nini washauri wa sera washughulishwe na kisiwa ambacho hakijawahi kuwepo. Jibu ni kwamba mazoea ya lugha yanayojengwa katika hadithi hutumika pia katika historia.

Mwambao wetu una magofu mengi, na namna tunavyoyataja haijawa salama. James Kirkman alianza uchimbuaji huko Gede, pwani ya Kenya, mwaka 1948, na kitabu chake cha mwaka 1954 kiliutaja mji huo katika anwani yake kuwa mji wa Waarabu. Katika masimulizi ya pwani, magofu kadhaa yamehusishwa na wageni waitwao Wadebuli, na mengine na majini. Maelezo haya matatu yanatofautiana kwa asili yake, lakini yana tokeo moja: mjenzi hawi jirani wa msomaji. Uchimbuaji wa baadaye, kama ule wa Mark Horton huko Shanga na kazi za watafiti wa Afrika Mashariki kama Felix Chami na Chapurukha Kusimba, umeonyesha mizizi ya wenyeji katika miji hiyo, pamoja na uhusiano wake mpana na ng'ambo ya bahari. Gede iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikuwa yameingizwa tangu mwaka 1981.

Heshima ambayo wenyeji huyapa magofu kwa kuamini kuwa yana mizimu haina budi kutofautishwa na dhana ya kwamba yalijengwa na majini. Imani ya kwanza inasema wazee wetu wamelala hapa. Ya pili inasema hapajawahi kuwa na mtu. Kijana aliyezoea, kupitia vitabu vya hadithi, kwamba kila gofu ni kazi ya viumbe wasio watu, hatashangaa kusoma hivyo kwenye bango la mambo ya kale. Kijana aliyezoea kuuliza nani alijenga, lini, na nani alikuja baadaye, atauliza hivyo pia akiwa Gede.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya Tol Sirion inatufundisha kwamba kitisho cha mahali kina tarehe. Kisiwa kilikuwa cha walinzi, kikawa cha pepo kwa miaka minane hivi, kisha kikawa cha kaburi. Kati ya vipindi hivyo, kile kifupi zaidi ndicho kilichokipa jina linalokumbukwa na wengi. Jukumu la mfasiri ni kuhakikisha jina hilo halimezi mengine.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza yafuatayo. Kwanza, vyombo vya usanifishaji, vikiwemo BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viandae orodha ya istilahi za fasihi ya kifantasia, na jamii za kubuni zenye lugha na tawala ziwekwe katika ngeli ya A-WA kwa maumbo ya M- na WA-. Pili, wafasiri wabakishe majina ya lugha za kubuni kwa mfuatano wake wa kihistoria, na kila jina lifafanuliwe kwa Kiswahili linapotajwa mara ya kwanza. Tatu, tofauti za mzimu, pepo na mzuka, na za mahame, ganjo na gofu, zifundishwe wazi katika somo la fasihi na kuzingatiwa na wahariri wa vitabu vya shule. Nne, taasisi za mambo ya kale katika nchi zetu zipitie upya mabango na vipeperushi vyao vya Kiswahili kwa kuzingatia tofauti hizohizo, ili kila panapoandikwa habari za gofu, aliyelijenga atajwe kabla ya kinachosemekana kulikalia.